Vijiti Viwili Juu ya O

Miskolc, Februari, mwaka wa themanini na saba.
Mvuke umeganda dirishani. Mezani
daftari la hesabu la mdogo wangu,
penseli niliyoitafuna kichwa,
ufutio uliobaki kama ukucha.

Kila herufi nimeipa chumba kimoja:
nukta nane kwa upana, nane kwa kimo,
wala hakuna varanda.
L iliingia bila ubishi. T vilevile.
M ilitaka miguu mitatu, nikaikatalia.
S niliifuta mpaka karatasi ikatoboka;
mdogo wangu atakuta tundu penye hesabu ya kesho.

Na televisheni yetu ni kuukuu, huvujisha mwanga:
mguu wa nukta moja huyeyuka kama sukari kwenye chai,
basi kila mguu nikauongezea wa pili.
Ndivyo herufi zangu zilivyonenepa, zikasimama
kama wachimbaji waliovaa makoti mawili.

Maana mchezo wenyewe ni wa mchimbaji:
taa kichwani, mahandaki kumi na mawili, popo.
Mistari ishirini na minne ya skrini nimeigawa:
miwili ya juu ni ya hesabu, mmoja wa chini ni wa maneno,
katikati kote giza, giza lake yeye.
Juu kushoto, ERŐ: nguvu iliyobaki.
Juu kulia, IDŐ: muda uliobaki.
Maneno mawili, yote yanaishia na herufi
ambayo mashine hii, mgeni wa ng'ambo, haijawahi kuisikia.

Ina O. Ina alama ya pauni na ya dola;
nikazifuta zote mbili, nani anauza kitu handakini?
Chumba kikapatikana. Lakini hivyo vijiti viwili
vinavyolalia upande juu ya O, nitavilaza wapi?
Nikiweka nukta mbili, ni herufi nyingine, sauti fupi,
na muda wa mtu unafupika kwa kosa la tahajia.

Baba alirudi na vumbi la marumaru kwenye nyusi.
Miaka thelathini na minne anachonga mawe ya makaburi,
analipwa kwa herufi; vijiti huvitoa bure.
"Wajane huuliza," husema, "kofia nayo ni herufi?"
Akainamia daftari, kidole kinene kama mpini.
"Ishushe O," akasema. "Mimi huishusha.
Hakuna anayegundua. Waombolezaji husoma mwaka."
Halafu alipoona nilivyoishindilia mistari ya juu,
pointi, funguo, rekodi, jina langu:
"Toa. Jiwe likijaa maneno, marehemu hapumui."

Nikaishusha. O ikawa mistari mitano, bapa kama sufuria,
chini yake hakukubaki hata ufa.
Juu yake pengo. Juu ya pengo
nukta ya pili na ya tano;
juu kabisa, ya tatu na ya sita.
Vijiti vikainama, nyasi mbili za upepo mmoja.
Baiti nane. Jina langu nililitoa.

Saa tano usiku aliomba kucheza.
Alivishika vitufe kama patasi, akaanguka shimo la kwanza,
la kwanza tena, kisha popo akammaliza.
Pointi arobaini: wa mwisho kwenye orodha,
ingawa wengine wote niliwabuni mimi.
Skrini ikauliza jina.
Akaliandika, kitufe kwa kitufe: ERNŐ.

Akalipapasa; kioo kikamtekenya kwa umeme,
vinyweleo vya mkono vikasimama.
"Halina kina," akasema. Kisha:
"Litakaa mpaka lini?"
"Mpaka nizime."

Jikoni maji ya chai yalikuwa yamechemka hadi kukauka.
Baba akavuta kiti, akatafuta miwani mfukoni.
"Basi usizime kwanza."